Mafundo ya Mzee Kobe

Katika bonde la Rufiji, kule mto unakoanza kujigawa matawi kabla ya kuingia baharini, palikuwa na majaruba ya mpunga yaliyosifika bonde zima. Mwenyewe alikuwa Kiboko. Alianza na jaruba moja alilolilima kwa nguvu zake, na masika kadhaa baadaye mashamba yake yakawa hayaonekani mwisho hata ukisimama juu ya dungu. Kiboko alikuwa tajiri mwenye moyo, na hilo lisemwe mapema, kwa sababu hekaya hii si ya mwizi wa usiku. Sikukuu ilipofika alipika masufuria ya wali wa nazi na kuwaita wote. Mfanyakazi akifiwa, Kiboko alifika matangani kabla ya majirani. Kila mwaka alimchagua mfanyakazi bora na kumvika shada la maua mbele ya wenzake.

Wafanyakazi wake walikuwa wengi. Punda alibeba magunia kutoka shambani hadi ghalani. Kanga na Kwale walipalilia. Nyani aliamia ndege mchana, na usiku alilala dunguni jicho moja wazi akiwinga nguruwe. Mzee Kobe alitunza kingo za majaruba na kuyapimia maji, kazi isiyotaka haraka. Ujira wao ulipimwa kwa pishi kila mwezi ulipoandama, na aliyeupima alikuwa Karani Fisi.

Bonde lilikuwa na sheria yake. Ilitungwa na wahenga baada ya mwaka mmoja wa njaa, walipowaona wazee waliolima maisha yao yote wakiokota chenga njiani. Sheria ilisema hivi: katika kila pishi 10 za ujira, mfanyakazi aache moja, na mwenye shamba aongeze moja yake. Pishi hizo mbili zipandishwe Ghala la Kilimani kabla mwezi unaofuata haujaisha. Mlinzi wa ghala alikuwa Tembo, aliyechaguliwa kwa kuwa hasahau. Kila mfanyakazi alitundikiwa kamba yake ukutani, na kila mchango wa mwezi ulipofika, Tembo alipiga fundo moja.

Mwenye mafundo 180 aliyefikisha miaka 60 alilishwa na Ghala kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wake. Aliyepungukiwa alipewa mkupuo mmoja, basi. Na mfanyakazi akifa, mjane na watoto walipanda kilimani, wakaonyeshwa kamba yake, wakapewa haki iliyotokana nayo. Kwa hiyo vijana walipalilia bila hofu ya uzee, na wazazi walibeba mizigo bila hofu ya kuwaacha watoto mikono mitupu.

Karani Fisi alikuwa na utaratibu wake wa kulipa. Hakupima ujira uwanjani. Alimwita kila mmoja peke yake nyuma ya ghala, akampimia, kisha akamnong'oneza: "Nimekuongezea kidogo kuliko wenzio. Usiseme, utaleta fitina." Aliwaambia wote maneno hayohayo. Kanga akatoka akimwonea Kwale huruma, Kwale akatoka akimwonea Kanga huruma, na hakuna aliyemwonyesha mwenziwe kikapu chake. Siri hiyo waliiita adabu, na wakaizoea.

Ukaja mwaka wa mafuriko. Mto ulipanda usiku, ukavunja kingo, ukafunika majaruba kwa mchanga. Kulipokucha Kiboko alisimama kwenye maji akitazama nusu ya mali yake imekwenda baharini. Alihitaji mbegu, na mbegu hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni pishi za mwezi ule, zake na za wafanyakazi, zilizokwisha kufungwa tayari kupandishwa kilimani.

"Njia ya kilimani ina tope," alimwambia Fisi. "Tuziweke kwenye kihenge cha hapa nyumbani mpaka ikauke."

Njia ilikauka, lakini pishi zilikuwa zimekwisha kumwagwa majarubani kuwa mbegu. Kiboko aliapa moyoni kuzirudisha mavuno yakija. Mavuno yakaja, na pamoja nayo yakaja mahitaji mengine: kingo mpya, madungu mapya, jaruba la jirani lililokuwa likiuzwa kwa bei nafuu. Akaahirisha. Mwaka wa pili kuahirisha kulikuwa kwepesi zaidi. Mwaka wa tatu hakukumbuka tena kwamba kulikuwa na kitu anachokiahirisha. Mashamba yalipanuka kuliko yalivyokuwa kabla ya mafuriko, na wageni walipoyasifu Kiboko aliamini kwamba yamepanuka kwa akili yake mwenyewe.

Wakati wote huo, kila mwezi ulipoandama, Fisi aliendelea kuondoa pishi moja kwenye kila fungu la 10. "Hii ya kilimani," alisema, "inangoja kihengeni zamu ya kupandishwa." Nao waliitikia kwa kichwa. Kukatwa walikuona kwa macho yao. Kupelekwa hawakukuona, ila waliona pishi imeondoka mbele yao, wakadhani imefika. Ikapita miaka 7.

Mwaka huo Punda alianguka. Alikuwa na magunia ya mbegu mgongoni, magoti yakakataa, na hakuinuka tena. Msemo wa wahenga kwamba punda afe mzigo wa bwana ufike ulitimia neno kwa neno, maana magunia yalichukuliwa na wengine yakafika siku ileile. Kiboko alilia kwenye maziko, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Alitoa sanda, akatoa wali wa matanga, akamwahidi mjane kwamba familia ya Punda ni familia yake.

Matanga yalipoanuliwa, mjane na mwanawe walipanda kilimani. Tembo aliishusha kamba ya Punda, akaipitisha mkongani taratibu.

"Imeishia mwaka wa mafuriko, mama."

"Mume wangu amebeba mizigo mpaka juma lililopita."

"Nasikia. Lakini baada ya mafuriko hakikufika kitu."

Waliteremka na kidogo walichopewa, wakaenda kwa Karani Fisi. Fisi aliwasikiliza kwa upole mwingi. Akasema Tembo amezeeka na hesabu zimemchanganya. Njooni mwezi ujao. Mwezi ujao akasema Bwana Kiboko yuko safarini, njooni kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Hatimaye mjane akaona njia ile inamlia nguvu bure, akamtoa mwanawe kwenye mafunzo ya useremala na kumpeleka kubeba magunia yaleyale yaliyomuua baba yake. Wenzake walimwona kijana akianza kazi, wakamsifu kwa uvumilivu. Hakuna aliyeuliza kamba ya baba yake ilikuwa na mafundo mangapi.

Aliyefumbua jambo alikuwa yule asiyesadikiwa na mtu. Jioni moja Mzee Kobe alikutana na Panya kwenye njia ya shambani, mke na watoto nyuma, wamejitwika vitu vyao.

"Mnahama, Panya?"

"Tunahama, babu. Tumekaa kwenye kile kihenge miezi mitatu tunaramba sakafu."

"Kihenge cha michango yetu? Kile Fisi anachosema kimejaa?"

"Babu, mimi naitwa mwizi, na sikatai. Lakini ukitaka kujua kilichomo ghalani, muulize mwizi kabla ya karani. Kingekuwa na punje, ungenikuta nahama?"

Kobe hakulala usiku ule. Umri wake ulikuwa unatimia miaka 60 mwezi huo. Alfajiri akaaga, akaanza kupanda kilima. Wengine walipanda kwa siku moja. Yeye alitumia tatu.

Tembo aliishusha kamba yake na kuihesabu mara mbili.

"Mafundo 156, Mzee Kobe."

"Nimefanya kazi miaka 20, miezi 240. Sijakosa hata mmoja."

"Kamba ina 156."

"Basi yamepungua 84, na miezi hiyo 84 yote nimekatwa."

"Kukatwa kwako mimi sikuoni. Mimi napiga fundo kwa kinachofika."

Kobe alinyamaza akipiga hesabu, na alivyozidi kuipiga ndivyo ilivyozidi kuwa nzito. Sheria ilitaka mafundo 180. Alikuwa na 156, pungufu ya 24. Maana yake ni kwamba hakupoteza miezi 84 tu. Alipoteza kulishwa kila mwezi kwa maisha yake yote yaliyobaki, kwa kuwa aliyekosa 24 na aliyekosa 100 wote wanasimama nje ya mlango uleule. Angepewa mkupuo mmoja, na mkupuo huishia njiani.

"Nikuulize, Tembo," alisema hatimaye. "Kisipofika, huwa unafanya nini?"

Tembo alitazama chini. "Nangoja."

"Miaka 7?"

Tembo hakujibu.

Kobe aliporudi alikuta uwanja umepambwa. Kiboko alikuwa amemwandalia karamu ya kumuaga. Wali ulipakuliwa, ngoma zikapigwa, na mwenye shamba akasimama kutoa hotuba. Alimwita Kobe baba wa majaruba, akasimulia jinsi alivyozilinda kingo, kisha akaamuru liletwe gunia zima la mchele, zawadi yake kwa mzee. Wafanyakazi wakapiga makofi. Kobe akajivuta hadi katikati ya uwanja.

"Bwana Kiboko," alisema, "wali wako nimeula miaka 20, na shukrani yake ninayo. Nyumba yangu ilipobomolewa na maji ulinijengea, na hilo nalo sitalisahau. Lakini gunia hili siwezi kulipokea kwa jina la zawadi. Ndani yake mna pishi zangu, mna za marehemu Punda, mna za hawa wote waliokaa hapa. Mimi nadai haki yangu, na haki haipigiwi makofi."

Uwanja ukanyamaza. Kiboko aliumia, ikaonekana usoni. "Mzee wangu, unanitangazia wizi mbele ya watu? Mimi nilikopa tu. Shamba lingekufa, na ninyi nyote mngekosa kazi. Nilikuwa na nia ya kurudisha."

"Ulimkopa nani, bwana? Anayekopesha huijua siku aliyokopesha, na kiasi alichotoa, na siku ya kulipwa. Mimi sikujua hata kimoja. Ungetuita mwaka ule wa mafuriko ukatueleza, pengine tungekubali kulala na njaa pamoja nawe. Hukutuita. Ulituacha tukiamini."

Hapo Kanga akainuka. "Kwani na mimi nimekatwa bure?" Akataja ujira wake mbele ya wote, pishi 8. Kwale akashtuka: yeye alipata 10 kwa kupalilia jaruba lilelile, bega kwa bega na Kanga, na miaka yote Kanga ndiye aliyedhani kwamba anampita Kwale. Nyani akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kulipwa nyongeza ya usiku, maana yeye amekesha dunguni tangu ujana wake na hajaiona. Mmoja baada ya mwingine walifungua vikapu vyao. Ndipo wakaelewa kwamba siri ya ujira ndiyo iliyoficha michango. Kama wangelinganisha vikapu, mmoja wao angesema hata mara moja, twende tukaziangalie na kamba zetu.

Nyani alinyanyua kinga cha moto akichome kihenge. Kobe akasimama mbele yake. "Kirudishe jikoni, mwanangu. Ukikichoma, kesho tutaambiwa pishi zilikuwemo na wewe ndiye uliyeziteketeza."

Wakapeleka shauri kwa wazee wa bonde, chini ya mbuyu, na mwamuzi akawa Bibi Nyati. Fisi alijitetea kwamba yeye ni mtumwa wa kauli, aliagizwa akatenda. Bibi Nyati akamuuliza kama aliagizwa pia kumwambia mjane wa Punda kwamba Tembo amezeeka. Fisi akakosa neno. Kiboko alisema majaruba mapya ni faida ya wote. Bibi Nyati akauliza ni jaruba lipi kati ya hayo limeandikwa jina la Kanga. Kisha akamgeukia Tembo. "Na wewe umelinda kamba, hukuwalinda wenye kamba. Ulipoona fundo halikupigwa mwezi wa kwanza, miguu yako ilikuwa mizima. Kwa nini hukuteremka?"

Hukumu ikatolewa. Tangu pishi ya mchango inapopimwa ni mali ya mfanyakazi, na mwenye shamba ni mchukuzi wake tu. Mavuno yatakayokuja yaanze kulipa mafundo yaliyokosekana, pamoja na faini ya kuchelewesha, kabla mwenye shamba hajajaza ghala lake. Ujira upimwe uwanjani, na kila mmoja apewe kijiti chenye alama tatu: ujira mzima, kilichokatwa, na kilichofika kilimani. Kazi sawa ilipwe sawa, na penye tofauti sababu yake isemwe wazi: ujuzi, miaka, au kukesha. Naye Tembo, mchango usipofika mwezi mmoja, ateremke mwezi huohuo.

Kulipa kuliuma. Kiboko aliuza majaruba mawili ya karibu na mto, yale aliyoyapenda kuliko yote, na deni likachukua misimu mitatu kwisha. Kobe alifikisha mafundo yake 240 na akaanza kulishwa kila mwezi. Mwana wa Punda alipata haki ya baba yake akiwa tayari na kidonda cha mgongoni, na useremala alioacha hakuurudia. Hukumu ilirudisha pishi, lakini haikumrudishia miaka yake. Ndiyo maana nasema dhuluma hii ni kubwa kuliko wizi wa siku moja: anayedhulumiwa hujua siku ambayo hana tena nguvu ya kuanza upya.

Hekaya nimeipeleka bondeni, lakini vipimo vyake nimevitoa katika sheria tunazoishi nazo. Nchini Tanzania mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, na umri wa kustaafu ni miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Mtumishi wa umma yuko chini ya PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Yeye hukatwa asilimia 5 na mwajiri huweka 15. Nchini Kenya, kwa sheria ya NSSF ya huko ya mwaka 2013, mfanyakazi na mwajiri kila mmoja huchangia asilimia 6 ya mshahara unaohesabika. Na pale Nyani alipouliza nyongeza ya usiku, aliuliza jambo lililoandikwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi iongezwe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi.

Sheria hizo zina msingi mmoja, na huo ndio niutakao ukae moyoni mwa kila anayeshika daftari la mishahara. Mafao ni ujira. Ni sehemu ya jasho la mwezi huu iliyokubaliwa ilipwe baadaye, siku ya uzee, ya ajali, ya uzazi au ya msiba. Mwajiri anayeikata asiipeleke hajachelewesha hisani. Ametumia mshahara wa mtu. Na wema wake mwingine, karamu, rambirambi, vyeti vya mfanyakazi bora, hauwezi kuhesabiwa kuwa malipo ya deni hilo, hata ukiwa wa dhati kama ule wa Kiboko.

Mwajiri uliyebanwa na biashara, zungumza. Waite wafanyakazi na chama chao, nenda kwenye mfuko uombe utaratibu wa kulipa kwa awamu, punguza kinachoweza kupunguzwa kwa makubaliano yanayoandikwa. Jirani yako aliyefilisika akisema ukweli bado ana jina mtaani. Ninyi mnaosimamia mifuko, mwezi wa kwanza bila mchango ndio mwezi wa kubisha hodi kwenye lango la mwajiri, kabla miezi haijawa 84.

Nawe mfanyakazi, hati ya mshahara inakuonyesha ulichokatwa. Kilichofika kinaonekana kwenye taarifa ya michango peke yake. Iombe kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii angalau mara moja kwa mwaka, uhesabu miezi yako moja moja, kisha umwombe mwenzako wa meza ya jirani naye afanye hivyo. Pengo la mwezi mmoja linadaiwa kwa barua. Pengo la miaka 7 linadaiwa na mzee aliyechoka, au na mjane wake.